Kabla hujasaini mkataba wa kwenda kufundisha Falme za Kiarabu

Mkataba wangu wa kwanza wa kufundisha ng'ambo niliusaini mara mbili, na sikujua kwamba sahihi ya pili ndiyo iliyokuwa na nguvu. Ya kwanza niliitia Mombasa, mezani kwa wakala, kwenye barua yenye nembo ya shule: mwalimu wa hesabati, dirham 5,500 kwa mwezi, nyumba ya shule, tiketi ya ndege. Wiki tatu baadaye wakala akanipigia jioni nikiwa ndani ya matatu. Nimekutumia karatasi nyingine kwa WhatsApp, mwalimu, saini upesi uirudishe, hiyo ni ya viza tu. Nikashuka, nikaichapisha kwenye saiba ya karibu, nikatia sahihi palipowekwa alama, nikaipiga picha, nikaituma. Ilikuwa kurasa chache, upande mmoja Kiarabu na upande mwingine Kiingereza. Sikuisoma.

Hiyo ndiyo iliyokuwa ofa rasmi ya Wizara ya Kazi ya kule. Ndani yake zile 5,500 zilikuwa zimepasuliwa vipande viwili: mshahara wa msingi 1,800, marupurupu 3,700. Kila mwezi pesa yangu iliingia kamili, kwa hiyo sikuona kasoro yoyote. Miaka mitatu baadaye, siku ya kuondoka, mhasibu alinigeuzia karatasi ya hesabu ya kiinua mgongo. Ilisema dirham 3,780. Mimi kichwani nilikuwa na 11,550, na mipango ya hizo 11,550 nilikwisha kuipanga. Nilipouliza, akaweka kidole juu ya sahihi yangu mwenyewe. Hakuwa amenidhulumu hata dirham moja. Sheria inapima kiinua mgongo kwa mshahara wa msingi, na msingi wangu ulikuwa 1,800.

Tofauti ile, dirham 7,770, ni kama shilingi 270,000 za Kenya. Ndiyo sababu ya mwongozo huu. Nauandikia mwalimu wa Kenya au Tanzania aliyeitwa na shule binafsi ya Dubai, Abu Dhabi, Sharjah au emirati nyingine. Oman, Qatar na Saudia zina sheria zao. Mpangilio wa hatua utakufaa huko pia, lakini tarakimu usizichanganye.

Hatua ya 1: Jua anayekuajiri ni nani

Wakala si mwajiri. Mwajiri ni shule, na jina la shule lazima ulijue kabla hujatoa hata nakala ya pasipoti. Ukiambiwa "shule utaijua ukifika", simama hapo.

Ukishapata jina, litafute mwenyewe. Dubai shule binafsi zinasimamiwa na mamlaka ya elimu inayojulikana kama KHDA, ambayo huchapisha ripoti za ukaguzi wa shule. Abu Dhabi ni ADEK, Sharjah ni SPEA. Shule halali utaikuta huko. Kisha ipigie simu kwa namba iliyo kwenye tovuti yake, usitumie uliyopewa na wakala, uulize ofisi ya walimu kama kweli wanatafuta mwalimu wa somo lako.

Angalia pia wamekuhoji vipi. Shule inayotaka mwalimu itakuuliza unavyofundisha. Mkuu wa idara atataka kukuona kwa video, pengine atakuambia uandae somo la dakika 15 la kuonyesha. Mahojiano ya dakika tano ambayo swali kubwa ni lini unaweza kusafiri yanakuambia kitu kuhusu watakavyokutendea.

Wakala naye ana leseni au hana. Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ina orodha ya mawakala walioruhusiwa, na orodha hiyo ina tarehe za leseni. Angalia tarehe, wengine leseni zao zimekwisha. Tanzania bara uliza TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Zanzibar uliza Kamisheni ya Kazi.

Na kuhusu pesa: sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, namba 33 ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2, 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Viza na kibali cha kazi ni juu ya shule. Ukitakiwa kulipia "viza", andikia shule barua pepe uwaulize kama wanajua unatozwa. Mara nyingi hawajui, na swali lenyewe humfanya wakala arudi nyuma.

Hatua ya 2: Anza na vyeti mapema, na uanze na jina lako

Vyeti vina mlolongo mrefu kwa sababu Falme za Kiarabu hazimo kwenye mkataba wa apostili. Hakuna muhuri mmoja unaomaliza kazi. Digrii yako inathibitishwa kwanza na mamlaka za elimu za nyumbani, halafu Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa Falme za Kiarabu, Nairobi au Dar es Salaam. Ukifika kule, wizara yao ya mambo ya nje inagonga muhuri wake pia. Ongeza cheti cha TSC, tume ya walimu ya Kenya, kwa Mkenya, na cheti cha tabia njema kutoka polisi.

Kinachowakwamisha watu wa kwetu Pwani zaidi ni jina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Fatuma, kitambulisho Fatma, pasipoti Fatma pamoja na jina la babu ambalo digrii haina. Nyumbani hakuna anayejali. Kule mfumo wa kompyuta unamwona kuwa watu watatu. Panga vyeti vyako vyote mezani leo, soma majina herufi kwa herufi, na pasipopatana nenda kwa wakili ufanye kiapo au ubadilishe jina kisheria kabla ya muhuri wa kwanza. Ukigundua baada ya muhuri wa ubalozi, unaanza upya na unalipa upya.

Vyeti halisi usimwachie mtu bila risiti iliyoorodhesha kila karatasi. Vipige skani vyote kwanza.

Hatua ya 3: Zijue karatasi tatu

Hapa ndipo nilipoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Karatasi ya kwanza ni barua ya ofa ya shule. Inaandikwa na shule kwa maneno yake, na mara nyingi ni nzuri kusoma: nyumba, tiketi, punguzo la karo kwa watoto. Karatasi ya pili ni ofa ya kazi ya Wizara ya Kazi ya kule, ambayo kifupi chake ni MOHRE. Hii ina muundo mmoja nchi nzima, ina namba ya muamala, na inatakiwa uisaini ukiwa ungali kwenu, kabla kibali cha kuingia hakijatolewa. Ya tatu ni mkataba wenyewe unaosajiliwa Wizarani baada ya kufika, na huo unatakiwa ufuate ile ya pili.

Unaiona njia? Mkataba unatoka kwenye karatasi ya pili. Ile barua nzuri ya kwanza, ikiwa haikuingizwa ndani ya ya pili wala haikuambatishwa kama nyongeza, inabaki kuwa ahadi ambayo utapata taabu kuidai. Na ile ya pili ndiyo inayoletwa kwa haraka, jioni, kwa WhatsApp, ikiitwa "ya viza tu".

Kwa hiyo fanya hivi. Ukiletewa ofa ya Wizara, ichapishe. Ichapishe na barua ya shule. Ziweke ubavu kwa ubavu, chukua kalamu, upige mstari chini ya kila tarakimu: mshahara wa msingi, kila rupurupu, muda wa mkataba, muda wa majaribio, notisi, likizo. Tarakimu isiyolingana iandikie barua pepe, si simu. Simu inapotea, barua pepe inabaki. Kisha chukua ile namba ya muamala ukaihakiki kwenye tovuti ya Wizara yao, uone ofa ipo kweli na inasema hayo hayo.

Kiarabu je? Mahakama za kule zinaendeshwa kwa Kiarabu, na maneno yakigongana na ya Kiingereza, Kiarabu ndicho kinachosimama. Mombasa, Lamu, Zanzibar na Dar hatukosi mtu wa kutusomea. Nenda kwa maalimu wa madrasa unayemwamini, au mtu aliyesoma Khartoum, Cairo au Madina, umwombe akusomee ukurasa ule kwa sauti huku wewe ukifuata Kiingereza. Mkataba wangu wa pili nilisomewa na ustadhi wa mtaani kwetu, Kisauni, baada ya Alasiri. Alimaliza kwa nusu saa na akakataa malipo.

Hatua ya 4: Soma mstari wa mshahara wa msingi kuliko mstari wowote

Kwa kila mwaka kati ya mitano ya kwanza, sheria inakupa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 21. Ukivuka miaka mitano, kila mwaka unaozidi unahesabiwa siku 30. Huna budi kumaliza angalau mwaka mmoja. Hesabu yenyewe ni rahisi: gawa msingi kwa 30, zidisha kwa 21, zidisha kwa miaka.

Chukua walimu wawili, wote wanapokea dirham 6,000. Wa kwanza msingi wake ni 2,400 na marupurupu 3,600. Kwa mwaka anavuna 1,680. Wa pili msingi wake ni 3,600 na marupurupu 2,400. Kwa mwaka anavuna 2,520. Wanakaa chumba kimoja cha walimu, wanasahihisha daftari za mitihani ileile, na wakiondoka baada ya miaka minne mmoja anabeba 6,720 na mwenzake 10,080.

Wala si kiinua mgongo peke yake. Siku za likizo ulizobakiza ukiondoka zinalipwa kwa msingi. Saa za ziada zinapimwa kwa msingi. Kuna pia bima ya lazima ya kupoteza kazi iliyoanza Januari 2023, unayochangia dirham 5 kwa mwezi ikiwa msingi wako hauzidi 16,000. Ukiachishwa kazi bila kosa, na umechangia miezi 12 mfululizo, inakulipa asilimia 60 ya msingi kwa muda usiozidi miezi mitatu. Mtu wa msingi 1,800 anapata 1,080 kwa mwezi. Hiyo kule haitoshi hata kodi ya kitanda.

Sheria haisemi msingi uwe sehemu gani ya jumla, kwa hiyo ni suala la kuzungumza na shule, na wakati wa kuzungumza ni kabla ya sahihi. Mimi sasa naomba msingi usipungue asilimia 60 ya jumla. Mara ya pili nilianza kwa kuomba 65, wakarudi na 60. Hawakukasirika, na wala hawakutafuta mwalimu mwingine. Mwalimu wa hesabati aliyekwisha hojiwa na kupitishwa hawamwachi kwa sababu ya jinsi jumla ileile inavyogawanywa.

Hatua ya 5: Vifungu vingine vya kuulizia

Miezi ya Julai na Agosti. Mwaka wa shule nyingi kule unaanza mwishoni mwa Agosti na kuishia mwanzoni mwa Julai. Uliza kwa maneno yaliyo wazi: ninalipwa miezi 12 au 10? Likizo ya mwaka kisheria ni siku 30 zenye malipo kwa aliyemaliza mwaka. Uliza pia mwalimu mpya, ambaye hajatimiza mwaka Julai inapofika, analipwaje.

Vipindi. "Saa nane kwa siku" ndiyo lugha ya sheria, na kikomo ni saa 48 kwa wiki. Haikuambii utaingia darasani mara ngapi. Taka idadi ya vipindi kwa wiki, somo lenyewe na madarasa. Nimeona mwalimu wa fizikia akipewa sayansi ya watoto wa darasa la pili kwa sababu mkataba ulisema "mwalimu" na kukoma hapo.

Nyumba. Ikiwa ni ya shule: chumba chako peke yako au mnagawana wangapi? Umeme na maji nani analipa? Kiyoyozi mwezi wa Agosti si anasa, na bili yake ni kubwa. Ikiwa unapewa pesa ya nyumba, inalipwa kila mwezi au kwa mkupuo? Wenye nyumba wengi kule wanataka hundi za miezi kadhaa kwa pamoja, na mshahara wako wa kwanza hautatosha. Hapo uombe shule ikukopeshe ya kuanzia, na iandikwe.

Familia. Ukitaka kumleta mume, mke au watoto, uwe mwanamume au mwanamke, mshahara wako unatakiwa ufike dirham 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba ya kazini. Watoto wa wageni kwa kawaida husoma shule za kulipia, na karo inaweza kumeza mshahara mzima. Punguzo la karo liandikwe kwa asilimia na kwa idadi ya watoto.

Bima ya afya. Tangu Januari 1, 2025 waajiri wa sekta binafsi katika emirati zote wanatakiwa kumkatia mfanyakazi bima ya afya. Iliyo ya chini kabisa ina hospitali chache. Uliza jina la bima, na kama inafika kwa familia.

Majaribio na notisi. Majaribio hayazidi miezi sita. Ndani yake shule inaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 14. Wewe ukitaka kurudi nyumbani unatoa siku 14, na ukitaka kuhamia mwajiri mwingine humo humo nchini unatoa mwezi mmoja. Ukiondoka bila notisi unaweza kunyimwa kibali cha kazi kwa mwaka mzima. Baada ya majaribio, notisi iliyo mkatabani iwe kati ya siku 30 na 90.

Kutofundisha shule nyingine. Baadhi ya mikataba inakukataza kufundisha kwa mshindani ukishaondoka. Kisheria kizuizi hicho hakiwezi kuzidi miaka miwili, na lazima kitaje eneo, muda na aina ya kazi. "Popote katika Falme za Kiarabu, shule yoyote" ni kipana mno. Omba kifutwe au kipunguzwe kiwe shule zilizo jirani.

Adhabu ya kuondoka mapema. Wengine huandika kwamba usipomaliza miaka miwili utarudisha gharama za viza na tiketi. Gharama za kuajiri ni za mwajiri, kama nilivyosema juu. Usisaini kifungu hicho kwa kujipa moyo kwamba hakitatumika.

Uzazi, kwa walimu wanawake wenzangu: siku 60, za kwanza 45 kwa mshahara kamili na 15 kwa nusu. Shule nyingine hutoa zaidi, na inafaa kuuliza hata kama hupangi.

Tuisheni. Tangu mwishoni mwa 2023 kuna kibali cha kufundisha nyumbani nje ya saa za kazi, kinachotolewa bure, ila unasaini kanuni zake. Lakini soma mkataba wa shule unasemaje kuhusu jambo hilo kabla hujaanza kupanga wanafunzi wa jioni.

Hatua ya 6: Andikia shule

Walimu wengi wanaogopa kuuliza, wakidhani watapoteza nafasi. Andika kwa adabu na kwa ufupi, ujumbe mmoja wenye kila kitu. Maudhui yawe kama hivi, nawe uyaweke kwa Kiingereza:

"Nashukuru kwa nafasi mliyonipa, na niko tayari kusaini. Kabla ya hapo naomba mnithibitishie kwa maandishi: mshahara wangu wa msingi ni kiasi gani, na marupurupu ni yapi kwa majina na viwango, kwamba nitalipwa miezi yote 12, somo, madarasa na idadi ya juu ya vipindi kwa wiki, nyumba ni ya aina gani na nani analipa umeme na maji, tiketi ya kuja, ya likizo na ya kurudi, na kwamba hakuna gharama yoyote ya viza, uchunguzi wa afya au kibali itakayokatwa kwenye mshahara wangu. Naomba pia ofa ya Wizara iwe na tarakimu hizi hizi."

Sentensi ya mwisho usiiache. Ndiyo iliyobadilisha mkataba wangu wa pili.

Hatua ya 7: Mpelekee afisa wa kazi

Wakenya wengi hawajui kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 11, inataka mkataba wa kufanya kazi nje ya nchi uthibitishwe na afisa wa kazi. Kabla ya kugonga muhuri afisa anatakiwa kuridhika kwamba umekubali kwa hiari, hukudanganywa wala kulazimishwa, umeyaelewa masharti, uko na afya ya kazi hiyo, na hujafungwa na mkataba mwingine.

Hilo la mwisho linawagusa walio chini ya TSC. Usiache kituo kimyakimya ukidhani utarudi baada ya miaka miwili. Kutoroka kazini ni kosa la nidhamu, na litakusubiri kwenye faili lako siku utakapotaka kufundisha tena nyumbani. Omba likizo bila malipo au ujiuzulu kwa barua, na upate jibu lenye muhuri. Mwalimu wa serikali Tanzania naye vivyo hivyo, kupitia kwa mwajiri wake wa halmashauri.

Nami ningeongeza: usijiuzulu kabla hujapima afya. Kule utapimwa damu kwa ajili ya Virusi vya Ukimwi na kupigwa picha ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu, na majibu yanaweza kukunyima ukaazi. Ni bora ulijue jambo hilo hapa, faraghani, kwa daktari wako, kuliko kulijulia ugenini baada ya kuuza pikipiki na kuaga shule.

Hatua ya 8: Panda ndege na viza ya kazi

Wapo watakaokuambia uje na viza ya matembezi, "tutaibadilisha ukifika". Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa la sheria kule. Kwa kosa hilo mwajiri anakabiliwa na faini ya kuanzia dirham 100,000, na wewe unabaki bila mkataba, bila bima, bila mahali pa kushitaki. Subiri kibali cha kuingia kwa kazi, na jina la mfadhili ndani yake liwe la shule iliyo kwenye ofa yako. Likiwa jina la kampuni ya usafi au ya kusambaza wafanyakazi, usiende uwanja wa ndege.

Piga nakala nne za kila kitu: ofa zote mbili, barua pepe, vyeti, kibali. Moja iwe nawe kwenye begi la mkononi, moja kwenye barua pepe yako, moja kwa mama au ndugu anayejibu simu, moja kwa wakili kama unaye. Andika namba ya ubalozi wenu Abu Dhabi na ubalozi mdogo Dubai. Kenya na Tanzania zote zina ofisi hizo.

Hatua ya 9: Wiki za kwanza kule

Pasipoti utaitoa kwa ajili ya shughuli za ukaazi, kisha uirudishiwe. Sheria inamkataza mwajiri kuishikilia hati yako. Akisema anaitunza kwa usalama, mshukuru na umwombe akupe.

Mshahara wako unatakiwa upitie mfumo wa malipo unaofuatiliwa na Wizara, si bahasha mkononi. Ukipita siku 15 baada ya tarehe yake, sheria inahesabu mwajiri amechelewa, na unaweza kulalamika Wizarani bila kulipa chochote. Madai yasiyozidi dirham 50,000 Wizara yenyewe inaweza kuyaamua, na una miaka miwili tangu kazi ilipokwisha ya kuyapeleka. Kwa hiyo hata aliyekwisha rudi nyumbani akigundua amepunjwa, asikate tamaa kabla ya kuhesabu tarehe.

Utaletewa mkataba wa tatu, ule wa kusajiliwa. Utakuja ukiwa umechoka, pengine siku ya mafunzo ya walimu wapya, kwenye foleni, kalamu ikipitishwa mkono kwa mkono. Toa nakala yako kwenye begi. Angalia mshahara wa msingi. Ukiwa tofauti, rudisha kalamu na useme utasaini karatasi itakapolingana na ofa uliyosaini nyumbani. Mara ya pili nilifanya hivyo, mbele ya walimu kumi na kitu. Karani aliondoka na karatasi, akarudi kabla ya chakula cha mchana na nyingine yenye 3,600 badala ya 3,000, akasema waliingiza tarakimu ya mwalimu mwingine.

Kitambulisho chako cha ukaazi kikitoka, pakua programu ya Wizara kwenye simu, ingia, ufungue mkataba wako uliosajiliwa. Piga picha ya ukurasa wenye mshahara wa msingi, umtumie yule ndugu mwenye nakala nyumbani, akusomee tarakimu iliyo kwenye karatasi yake huku wewe ukiitazama ya kwako.